Naacha Chakula cha Mchana, Mbona Uzito Haupungui?

Swali: Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Nimeacha chakula cha mchana ili nipungue, lakini uzito ni ule ule. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yetu, huenda tatizo liko kwenye chai ya jioni, kwani aliyeshinda na njaa hula mahamri manne bila kuhisi, na hamri lililokandwa kwa tui hufyonza mafuta ya kukaangia, ambayo kila gramu yake ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au protini ina 4. Rudisha mlo wa mchana: samaki wa kuchoma, mchicha kwa wingi na wali kiasi cha ngumi. Wali wa nazi usiuache kabisa. Uwe wa siku mojamoja. Kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki kunatosha, na ikiwa unanyonyesha au una kisukari, muone daktari kwanza.