Till, Pochi au Paybill kwa duka la vipuri?

Swali: Ninauza vipuri vya pikipiki Malindi. Wateja hunilipa kwenye laini yangu ya kawaida ya M-Pesa. Pesa zinachanganyika na za nyumbani, na mara mbili mteja ameondoka na mali kisha akaomba arudishiwe pesa. Mauzo mengi ni shilingi 150 hadi 800. Nichukue Till, Pochi la Biashara, Paybill au mashine ya kadi?

Jibu: Chukua Till, yaani nambari ya duka ambayo mteja huilipa kwa M-Pesa. Malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi; yanayozidi hapo unakatwa wewe asilimia 0.55, mteja hatozwi kitu. Kipuri cha shilingi 300 kinakugharimu shilingi 1.65. Kwa Pochi wewe hukatwi, lakini mteja huyo atatozwa shilingi 7, sawa na anayemtumia mtu pesa. Bodaboda anayenunua plagi kila mara anaziona hizo 7, na atataka uzipunguze kwenye bei.

Pochi hufunguliwa papo hapo kwa *334# na hutenga pesa za biashara kwenye laini ile ile, kwa hiyo itumie ukisubiri Till. Paybill nayo ni nambari ya malipo ya biashara, lakini humtaka mteja aandike pia nambari ya akaunti. Inafaa ukiwa na wateja wa mkopo unaotaka kujua nani kalipa. Mashine ya kadi iache kwa sasa.

Hilo la kurudishiwa pesa ni zito zaidi, na Till peke yake haitalimaliza. Mteja hutuma ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, kudai kwamba alikosea, nawe utahitaji ushahidi. Kwenye nakala ya risiti andika kipuri, kiasi, saa na herufi 4 za mwisho za nambari ya muamala, kisha mteja atie sahihi.

Usikubali ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, maana hughushiwa neno kwa neno. Subiri ujumbe wako, uliotoka MPESA na si nambari ya mtu, halafu linganisha salio. Mtandao ukisuasua, angalia miamala kwenye programu ya M-Pesa for Business kabla ya kutoa mali. Simu hiyo ibaki dukani hata ukitoka. PIN usimwachie msaidizi.

Unapojisajili omba Business Till, inayoweza pia kulipa. Utamlipa muuzaji wako wa jumla kutoka humo humo, bila kutoa pesa kwa wakala kwanza na kukatwa tena.