Sarafu ya Kiyahudi kwenye kopo la takataka, someni hii kwanza ndo mnitumie picha

Tangu niposti ile sarafu yangu ya kale ya Kiyahudi, inbox imejaa picha za vyuma vyeusi, "kaka hii nayo ni pesa?", sasa naandika mara moja yaishe.

Huku London kuna gulio la Jumapili, watu wanauza vikorokoro nyuma ya magari yao. Mzee mmoja alikuwa na kopo la vifungo, funguo zenye kutu na sarafu za nchi mbalimbali, bei ya kutupa. Wenzangu wanachokonoa vinavyong'aa, mimi jicho likaenda kwa kidude cheusi, chembamba, duara lake limepinda. Nikalipa fasta nikasepa.

Nyumbani sikuisugua. Limau na siki ni za kachumbari jamani! Nikalaza taa pembeni, nikashika lenzi: upande mmoja mtungi wa vishikio viwili, upande wa pili jani la mzabibu. Hakuna kichwa cha mtu, na hapo ndo nikashtuka, maana sarafu za Warumi zimejaa vichwa vya makaisari, Wayahudi wakawa wanakwepa sura kwa ajili ya amri ya Torati inayokataza sanamu. Maandishi ni Kiebrania cha kale, sio herufi za leo, kwahiyo nikakaa nalinganisha moja moja na picha za makumbusho mtandaoni mpaka ikasomeka: "Uhuru wa Sayuni", na kwenye mtungi "mwaka wa pili". Yaani mwaka wa pili wa uasi, 67 kwenda 68 baada ya Kristo, Wayahudi wameasi Roma, Hekalu la Yerusalemu bado limesimama (lilichomwa 70), na katikati ya vita wanagonga chenji yao wenyewe.

Muuza sarafu mmoja, simtaji, aliitupia jicho akacheka, eti ya watalii hiyo, nakupa pauni tano. Sasa kama feki unainunua ya nini? Mtaalamu mwingine akaipima uzito, akakagua ukingo hauna mshono wa kalibu (alama ya feki iliyomiminwa), akasema halisi. Utajiri hamna, aina hii ziko nyingi, ila kile kicheko bado nakikumbuka.

Vijana mnapenda bei kabla ya kusoma. Someni! Ukiona nanga na nyota, fikiria mfalme wa Wayahudi Aleksanda Yanai. Masuke matatu ya shayiri, mfalme Agripa wa Kwanza. Na msisugue. Mlioko Israel, ukiokota ardhini usitie mfukoni, sheria yao ya 1978 inasema ni mali ya serikali, karipoti.

Picha nitumieni pande zote mbili, na uzito wake kwa gramu.