Ultrasaundi ya kumeza: kuna haja gani?

SWALI: Nimepigwa ultrasaundi ya tumbo mara mbili, kongosho halikuonekana vizuri. Sasa daktari anataka nimeze mpira (bomba laini) wenye ultrasaundi. Kwa nini, na nijiandaeje?

JIBU: Kosa si la mpigaji. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi ya tumboni huzuia mawimbi ya sauti. Mpira huu una kamera na kifaa kidogo cha ultrasaundi kwenye ncha. Ukifika tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba, kongosho liko jirani kabisa, hata vijiwe vidogo kwenye mfereji wa nyongo huonekana. Pakitiliwa shaka, sindano nyembamba hupita ndani ya mpira huohuo kuchukua kinyama cha kupima.

Usile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zibaki saa 2 kabla ya kipimo. Chai ya maziwa hapana, hiyo ni chakula. Chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa umelala kwa dawa ya usingizi utakayopewa. Taja mapema dawa za kuzuia damu kuganda na za kisukari, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Vua meno ya bandia.

Kazi huchukua dakika 30 hadi 60. Njoo na mtu wa kukurudisha. Usiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24. Koo kuwasha ni kawaida. Maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, hasa baada ya sindano: rudi hospitali saa hiyohiyo.