Dawa ya Kuogeshea Ng'ombe Haimfai Paka

Wiki hii tunajibu maswali ya wafugaji wa mbwa na paka. La kwanza ni la dharura, na limetujia mara nyingi kwa sura tofauti, kwa hiyo tumelipa nafasi kubwa.

Shikamoo daktari. Nina mbwa wawili, nawaogesha kwa dawa ya kupe ya duka la mifugo, ile ya kuchanganya na maji. Jana iliyobaki kwenye ndoo nikampaka paka maana ana viroboto. Tangu usiku masikio yanamchezacheza, udenda unamtoka na akitembea anayumba. Jirani kasema nimnyweshe maziwa. – Msomaji, Kigamboni

Marahaba. Maziwa usimpe. Paka anayetetemeka hamezi vizuri, na kinywaji kinaweza kupitiliza mapafuni. Isitoshe, sumu bado iko kwenye manyoya na kila anapojilamba anajiongezea.

Mwogeshe sasa hivi. Vaa glavu, tia maji ya vuguvugu kwenye beseni, mpake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha suuza. Rudia mara 2 au 3 mpaka harufu ya dawa iishe. Sabuni ya vyombo tunaitaka kwa sababu inakata mafuta yaliyoibeba dawa. Maji ya moto hapana: yanatanua mishipa ya ngozi na dawa inazidi kuingia. Ya baridi nayo hapana, mwili ukipoa kutetemeka kunazidi. Mkaushe, mfunge kwenye taulo, mpeleke kwa daktari leo hii na chupa ya dawa mkononi. Akishikwa na degedege njiani, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Huko atapewa dawa ya kutuliza degedege, pengine na dripu. Kutetemeka kunaweza kuchukua siku 2 au 3 kuisha, kwa hiyo usikate tamaa siku ya kwanza.

Mbona mbwa hawakudhurika? Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina saipamethrini. Ini la mbwa huivunja upesi. La paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kazi hiyo, basi dawa hubaki mwilini ikisumbua mishipa ya fahamu. Amitrazi, ambayo nayo inauzwa sana kwa kupe, haimfai paka vilevile. Hata kulala mkeka mmoja na mbwa aliyetoka kuogeshwa ni hatari kwake: watenganishe mpaka mbwa akauke kabisa. Kama mbwa katiwa matone ya shingoni yenye permethrini, dawa ya jamii moja na saipamethrini, watenganishe siku 3. Na hao mbwa pia, kama lebo ya dawa haimtaji mbwa wala kipimo chake, usikisie kwa kifuniko.

Sasa viroboto wenyewe. Akishapona, pitisha chanuo la meno ya karibukaribu kiunoni karibu na mkia, na uchafu utakaotoka ukung'utie kwenye tishu nyeupe iliyoloa. Vidoa vyeusi vikitoa rangi nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Chovya chanuo kwenye maji ya sabuni kila baada ya kuchana. Dawa omba ya paka, iliyoandikwa paka, na umwambie daktari uzito wake. Lakini wengi wa viroboto hawako juu ya mnyama. Mayai na viluwiluwi wamejaa kwenye matandiko, mikeka na vumbi la uvunguni. Fua kwa maji ya moto, fagia uvungu kila siku kwa wiki kadhaa. Ukiruka hatua hiyo utanunua dawa mpaka uchoke.

Paka wangu anachechemea. Naweza kumpa nusu Panadol? – Msomaji, Tabata

Hapana, wala robo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso unavimba. Kama umeshampa, usingoje dalili, mpeleke.

Mtoto wa mbwa wangu amekufa kwa kutapika na kuharisha damu. Daktari alisema ni pavo. Nataka kuchukua mwingine mwezi ujao. – Msomaji, Mbezi

Pole sana. Mwezi mmoja ni mapema mno. Virusi vya pavo huvumilia udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, na uani kwenye mchanga hakuna dawa ya kuvimaliza. Sakafu ya saruji, bakuli na kibanda vinasafishika. Osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, maana jiki ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu. Halafu nusu lita ya jiki kwenye lita 10 za maji, iache ikae dakika 10, suuza. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo; moshi wake unadhuru. Matandiko choma.

Kilicho bora ni kuchukua mbwa aliyemaliza chanjo. Huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wengi huchanja mara moja wakaridhika, na hapo ndipo wanapopoteza watoto. Kinga aliyopewa na mama kwenye maziwa ya mwanzo huizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu itakwisha wiki gani.

Mwanangu kang'atwa na mbwa wa jirani. Jirani anasema kachanjwa. – Msomaji, Gongo la Mboto

Hofu hapa ni kichaa cha mbwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake ndimu, kitunguu wala grisi. Kisha hospitali leo hii, uende na kadi ya chanjo ya mbwa kama ipo kweli. Mbwa asiuawe, afungwe, apewe chakula na maji, achunguzwe siku 10. Mtoto asicheleweshwe kwa kungoja siku hizo ziishe.