Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mpakato kwa Programu Huria

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, Pemba. Nakusudia kuja Unguja kununua kompyuta mpakato iliyotumika, na nataka iendeshwe kwa programu huria pekee, yaani zile ambazo kila mtu huruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa, kwani sipendi tena kuwasomesha wanafunzi kwa programu zilizonakiliwa bila idhini. Muuzaji mmoja wa Darajani ameniambia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hukubali kompyuta yoyote. Mwengine ameniambia nisinunue isipokuwa kompyuta ya aina ya ThinkPad. Nimfuate yupi? — Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja inayotosha kukufanya utoe pesa zako.

Ni kweli kwamba Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 na ambayo leo hutumika pamoja na programu za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, huwaka kwenye kompyuta nyingi mno. Hata hivyo, kompyuta kuwaka ni jambo moja, na Wi-Fi yake kufanya kazi ni jambo jengine. Kadi nyingi za Wi-Fi, zikiwemo za Intel zilizojaa katika kompyuta zinazotoka maofisini Ulaya na Dubai, hazifanyi kazi mpaka mfumo uzipakie programu ndogo ya kampuni iliyozitengeneza, ambayo msimbo wake, yaani maandishi yake ya asili, haukutolewa kwa umma. Debian, mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023, huziweka programu hizo ndani ya kisakinishi chake ili mtumiaji asikwame. Trisquel, mfumo mwengine wa aina hiyo, huzikataa kabisa. Kwa sharti ulilojiwekea, Trisquel ndiyo inayokufaa, na ndiyo itakayokupimia kompyuta bila upendeleo: kwa kuwa haina programu hizo, kadi ya Wi-Fi itakayofanya kazi chini yake itakuwa imefanya kazi kwa programu huria.

Basi kabla ya kusafiri, weka Trisquel kwenye flashi, uende nayo dukani, na uombe kompyuta iwashwe kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Unganisha Wi-Fi kupitia simu yako. Kisha sikiliza sauti, jaribu kamera, punguza mwanga wa kioo, funga kifuniko na ukifungue tena uone kama kompyuta inaamka. Usione haya kumuomba muuzaji muda. Ukigundua kasoro ukiwa Wete, utalazimika kuvuka bahari tena.

Kuhusu ThinkPad, nami nazipenda, kwa sababu ni imara na vipuri vyake hupatikana. Ila uangalie jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: X220, X230 na nyenginezo za wakati huo zina orodha ya kadi za Wi-Fi zinazoruhusiwa, na fundi akizitia kadi isiyomo katika orodha hiyo, kompyuta hukataa kuendelea kuwaka. Kwa hiyo usinunue kwa matumaini ya kubadilisha kadi baadaye. Ukipata yenye kadi ya Atheros inayotumia ath9k, kiendeshi (programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi) ambacho ni huria, ichukue. Usipoipata, usihuzunike, nunua kompyuta nzuri yenye kadi yoyote, na juu yake kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB chenye chipu ya AR9271, ambayo msimbo wa programu yake ulitolewa kwa umma. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia nyepesi zaidi kwa mwalimu aliyeko Pemba.

Upande wa picha, chagua kompyuta yenye kadi ya picha ya Intel peke yake, na uepuke yenye NVIDIA. RAM ya GB 4 itatosha kwa LibreOffice, yaani programu huria za kazi za ofisi, na kuperuzi kwa kiasi, ingawa GB 8 ni bora, na diski iwe SSD.

Mwisho, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa pale inapoanza kuwaka, mbele ya muuzaji. Kompyuta nyingi za maofisini huuzwa zikiwa bado zimefungwa kwa nywila ya mwenyewe wa kwanza, na nyingine hata kuwaka kutoka kwenye flashi huzuiwa. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie, hata akikupunguzia bei.