Nyumba ya kontena ya kuhama nayo: futi 20 au 40?

Swali: Mimi ni fundi mitambo kwenye miradi ya barabara. Mradi ukiisha tunahamishwa, na nimechoka kupanga nyumba na kuuza vyombo kwa bei ya kutupa kila tunapoondoka. Nataka kontena nililofanyia ukarabati, nilipakie kwenye lori niende nalo. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mtoto. Ninunue la futi 20 au 40? Na nikikata ubavu mmoja wote ili tupate nafasi, kuna ubaya? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Nunua la futi 20, ndugu yangu, na ubavu usiukate wote.

La futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na tupu tu lina karibu tani 3.8. Ukiweka kuta za ndani, jiko na choo, unahitaji kreni kubwa na semitrela, na barabara nyingi za kuingia kambini semitrela haigeuki. La futi 20 tupu lina tani 2.3 hivi. Familia ikikua utaongeza la pili ulipange pembeni yake kwa umbo la L, mpate na ua. Siku ya kuhama, barabara ikiruhusu, yote mawili yanakaa kwenye semitrela moja; la sivyo unayasafirisha kwa zamu.

Kuhusu ubavu: bati lile la mikunjo lina unene wa milimita 2 au pungufu, ndiyo maana watu hulidharau. Mzigo wa kontena lililopangwa juu ya jingine hubebwa na nguzo nne za kwenye pembe, lakini bati ndilo linalozuia kontena lisipinde katikati linaponyanyuliwa. Ukiukata ubavu wote, kontena likiwa chini hutaona kitu. Litakaponing'inia kwenye kreni, sakafu italegea, vigae vitapasuka na mlango hautafunga tena. Kata uwazi wa mita 2.4 tu katikati ya ubavu, na kabla ya kukata, fundi achomelee fremu ya bomba za mstatili za milimita 100 kwa 50 kuuzunguka, zishikane na boriti ya juu na ya chini.

Kipande kilichokatwa usikiuze chuma chakavu. Kitie fremu na bawaba upande wa chini, kishuke kiwe baraza. Ukihama kinapanda na kufunga nyumba. Kinapita kilo 100, kwa hiyo kishushwe kwa winchi ndogo ya mkono, kamwe si kwa mikono mitupu. Juu ya kontena weka paa la pili la mabati kwenye bomba nyepesi za kufungua kwa spana, lifunike kontena lote na kulipita hadi ukingo wa baraza. Acha sentimita 30 za hewa kati yake na paa la kontena. Kwa jua la Dodoma, paa hilo ndilo nitakalolipigania kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro wako. Wengi hununua samani za kukunja za bei mbaya wakitafuta chumba cha tatu ndani ya boksi la chuma, wakati mchana maisha yetu yako barazani. Weka pia ncha fupi za kontena ziangalie mashariki na magharibi, ili mbavu ndefu zisipigwe na jua la jioni.

Ndani una upana wa mita 2.35 na urefu wa 5.9. Ukizungushia sufi ya mawe (ya kuzuia joto) na plaiwudi unabaki na 2.2 kwa 5.8. Sufi ifunikwe vizuri kwa nailoni upande wa ndani, la sivyo usiku wa baridi bati litatoka jasho na kutu itaanza usipoiona. Choo na bafu vichukue mita 1.2 mwishoni, jiko 1.5 likigusana navyo ili mabomba yote yawe ukuta mmoja. Zinabaki mita 3.1. Kitanda cha 5 kwa 6 kikunjwe ukutani kwa ubavu wake mrefu: kikishuka unabaki na sentimita 70 za kupita. Mtoto alale kwenye benchi la sentimita 75 lililokingama mwisho wa chumba, chini yake pawe stoo.

Sakafu ya plaiwudi ya kontena mara nyingi hutiwa dawa ya wadudu kiwandani. Ing'oe, au uizibe kwa epoksi kabla mtoto hajatambaa juu yake.

Ukifika, kontena likae kwenye vitalu vya zege chini ya pembe nne, juu kidogo ya ardhi hewa ipite. Pima usawa kwa mpira wa maji. Pembe moja ikizama, milango itakwama. Milango ile mikubwa hufungwa kwa nje tu, kwa hiyo weka mlango wa kawaida ambao aliye ndani anaweza kuufungua bila ufunguo, na dirisha la kutokea upande wa pili.

Umeme, uwe wa TANESCO au wa jenereta, usiuingize kabla mwili wa kontena haujaunganishwa na nondo ya ardhini na kabla ya kufungwa swichi inayokata umeme ukivuja. Nondo hiyo ipigwe upya, na ipimwe, kila mnapohamia.