Pesa za hisani dukani ni za nani? Majibu kwa wasomaji

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Uganda wanaofanya kazi katika maduka makubwa, wanaoyauzia bidhaa, wanaoyaomba msaada, au wanaonunua mahitaji yao humo. Nimeyafupisha bila kubadilisha maana.

Kila nikilipa, keshia huniuliza kama niache chenji yangu ya shilingi 200 au 300 kwa ajili ya hisani. Baadaye naona picha ya hundi kubwa yenye jina la kampuni. Pesa hizo ni za nani? (Mnunuzi, Kampala)

Pesa hizo ni zako mpaka zimfikie uliyekusudia zimfikie, na katika safari hiyo kampuni ni mjumbe aliyekabidhiwa amana. Kwa hiyo mchango wako unapaswa kuonekana kwenye risiti katika mstari wake peke yake, uwekwe katika akaunti isiyochanganywa na mauzo, na jumla iliyokusanywa ibandikwe palepale kwenye kaunta pamoja na jina la aliyepokea na tarehe aliyopokea. Siku ya kukabidhi, hundi itaje kiasi kilichotolewa na wateja na kiasi kilichoongezwa na kampuni, kila kimoja mahali pake. Kampuni ikiandika jina lake peke yake juu ya michango ya maelfu ya watu, inajipatia sifa ambayo haikuigharimia, nami naliona jambo hilo kuwa zito hata kama kila shilingi imefika.

Niongeze neno kuhusu maduka yanayokosa sarafu kisha yakampa mteja peremende, au yakamwelekeza kwenye sanduku la msaada. Sadaka ni hiari. Mteja aliyeambiwa kwamba chenji hakuna hajatoa chochote, na ana haki ya kuidai hata kama ni shilingi 100.

Duka ninalolipelekea asali linadhamini mbio za hisani kila mwaka, lakini mimi hunilipa baada ya miezi minne. Je, ni utovu wa adabu kulalamika? (Mfugaji nyuki, Masaka)

Hapana, ndugu yangu, na ningependa wenye maduka walisome swali lako mara mbili. Asali ikishauzwa na pesa zake zikabaki kwenye akaunti ya duka kwa miezi minne, wewe mzalishaji mdogo ndiwe unayeikopesha kampuni kubwa bila riba, na sehemu ya fulana zinazogawiwa kwenye mbio hizo imenunuliwa kwa jasho lako. Wauzaji wa Uganda wanaijua hatari hii vizuri. Kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iitwayo Uchumi ilipofunga maduka yake nchini Oktoba 2015 iliacha wasambazaji wakidai malipo, na Nakumatt, kampuni nyingine ya Kenya ya aina hiyo iliyokuwa na matawi Kampala, ilianguka miaka michache tu baadaye. Wakulima na wasindikaji waliokuwa wamepeleka mali kwa mkopo ndio waliobeba hasara, na hakuna mradi wa kijamii ungeweza kuifidia.

Zungumza na meneja wa manunuzi ukiwa na karatasi zako: hati za kupokelea mzigo zilizotiwa sahihi, ankara zenye tarehe, na ombi la maandishi kwamba muda wa malipo uandikwe kwenye mkataba, kwa mfano siku 30. Mkiwa wazalishaji kadhaa, nendeni pamoja.

Duka linalotaka kwa dhati kuiinua jamii lina kazi kubwa ya kufanya kwenye rafu zake lenyewe. Sera ya serikali ya kununua bidhaa za Uganda ili kuijenga Uganda, inayojulikana kwa kifupi chake BUBU, inataka bidhaa za nyumbani zipewe nafasi, lakini mzalishaji wa kijijini hukwama kabla ya kufika rafuni kwa sababu hana alama ya ubora ya Shirika la Viwango la UNBS, hana msimbo wa kusomwa na mashine ya kaunta, na vifungashio vyake havistahimili safari. Kampuni inaweza kulipia vipimo vya maabara kwa wazalishaji wachache kila mwaka, ikawafundisha kufungasha, kisha ikawanunulia kwa bei ya haki na kuwalipa kwa wakati. Kwangu mimi, huo ni msaada unaotangulia mingine yote.

Tumetoa michango kadhaa mwaka huu. Ni ipi inayopunguza kodi? (Mhasibu, Mbale)

Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango utolewe (yaani upunguzwe) katika hesabu ya pato linalotozwa kodi pale tu mpokeaji ni asasi iliyosamehewa kodi, kwa mfano taasisi ya dini, ya hisani au ya elimu yenye sura ya umma, ambayo Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ameitambua kwa maandishi. Kiasi kinachokubaliwa hakizidi asilimia 5 ya pato linalotozwa kodi, likihesabiwa kabla ya kuutoa mchango wenyewe. Kampuni yenye pato la shilingi milioni 200 inaweza basi kutoa hesabuni milioni 10, na kwa kuwa kodi ya makampuni ni asilimia 30, nafuu yake ni milioni 3. Milioni 7 zilizobaki zimetoka mfukoni mwa kampuni kweli, kwa hiyo msidanganyike na wanaosema kwamba hisani ni njia ya kukwepa kodi.

Mchango mliompa mgonjwa mmojammoja au familia iliyofiwa ni wema usiopingika, ila hauingii katika kifungu hiki. Udhamini wa tamasha ambako bango lenu limetundikwa ni suala jingine, kwa maana hayo ni matumizi ya matangazo, yanahitaji mkataba na ankara, na hayafai kuandikwa kwenye ripoti kama hisani. Michango ya wateja iliyokusanywa kwenye kaunta nayo isiguswe, kwa sababu haikuwa mali ya kampuni hata siku moja.

Sisi ni kundi la vijana wanaojifunza kupiga bigwala. Tuliliandikia duka kubwa barua ya kuomba msaada, hawakujibu. Tulikosea wapi? (Iganga)

Pengine barua yenu iliomba "msaada wa utamaduni" bila kueleza kinachohitajika. Ofisi ya biashara hupokea barua nyingi za namna hiyo, na inayojibiwa ni ile inayotaja kitu, kiasi, muda na msimamizi.

Anzeni kwa kueleza bigwala ni nini, msidhani anayesoma anajua. Ni tarumbeta za vibuyu za Wasoga, tano au zaidi, kila moja ikiwa na sauti yake moja, wapigaji wakipokezana mpaka wimbo ukakamilika, na zamani zilisikika hasa katika shughuli za kifalme kama kutawazwa na maziko. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza muziki huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, wakati mabingwa wazee waliokuwa wamebaki walikuwa wanne tu. Kisha orodhesheni mahitaji: mbegu za vibuyu vinavyofaa, shamba dogo la kuvipanda, nauli na posho ya mzee anayefundisha, ngoma za kusindikiza, na mahali pa kufanyia mazoezi. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mamilioni mengi, ila vyote vinahitaji kuendelea, kwa sababu kibuyu hungoja msimu wake na mwanafunzi hawezi kuiva kwa warsha ya siku mbili.

Ombeni miaka mitatu ya fedha ndogo badala ya siku moja ya fedha nyingi. Na mkipata mdhamini, kubalianeni kwa maandishi kwamba nyimbo na picha zenu zinabaki mali ya kundi, na kwamba tangazo la sabuni halitatumia sauti ya bigwala bila malipo na idhini. Wazee waliowafundisha watajwe kwa majina yao kwenye jukwaa, maana ndio wenye mali inayodhaminiwa.

Kila Krismasi tunapeleka zawadi katika nyumba ya watoto yatima na kupiga picha. Kuna ubaya gani? (Afisa mawasiliano, Entebbe)

Nia ni njema, lakini kagueni mambo mawili. Kwanza, hakikisheni nyumba hiyo imeidhinishwa na serikali na inajulikana kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Watoto wengi wanaoishi katika nyumba za namna hii Uganda wana mzazi hai au ndugu wa karibu, na umaskini ndio uliowaleta pale, ndiyo maana mfumo wa malezi mbadala uliotolewa na serikali mwaka 2012 unaiweka familia mbele na nyumba ya watoto kuwa kimbilio la mwisho. Fedha za zawadi za siku moja zingeweza kumlipia bibi ada na sare za wajukuu wake kwa muhula mzima, nao wakabaki kwake. Zungumzeni na ofisa huyo kuhusu familia zinazohitaji mkono wa namna hiyo, kisha mfuatilie kila muhula.

Pili, picha. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Hata bila sheria, mtoto aliyeshikishwa mfuko wa unga wenye nembo yenu atakuwa mtu mzima siku moja, na picha hiyo itakuwa ingali mtandaoni.

Tunaweza kuwapa wakimbizi wa Nakivale vyakula vinavyokaribia tarehe ya mwisho? (Meneja wa tawi, Mbarara)

Ndiyo, mradi zibaki siku za kutosha za kusafirisha, kugawa na kula, na mradi mmewauliza wanaosimamia ugawaji wanahitaji nini. Kilichopita tarehe kiteketezwe. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyapeleke kwa hiari yenu, kwa kuwa kanuni za Uganda za mwaka 1997 zinabana utangazaji na ugawaji wake ili kulinda unyonyeshaji. Na kwa kuwa Wakongo wengi wa pale wanazungumza Kiswahili, andikeni maelezo ya matumizi kwa Kiswahili.

Je, duka linaweza kusaidia somo la Kiswahili shuleni kwetu? (Mwalimu, Kasese)

Linaweza, mwalimu, na mahitaji ni makubwa tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, ilhali walimu na vitabu bado ni haba. Ombeni vitabu vya hadithi pamoja na vya kiada, nakala za kutosha ili wanafunzi wawili washirikiane kimoja, na kabati lenye kufuli. Gari la duka linalokuja Kasese na bidhaa kila wiki linaweza kuvileta bila nauli ya ziada. Majina ya vitabu mchague ninyi walimu, na orodha hiyo iambatanishwe kwenye barua kabla duka halijanunua chochote.